Shari ya Mzee Chaurembo

Mkono wa yule mchukuzi ulikuwa umeshapanda, ngumi imekunjwa sawasawa, na mwenzake ameshafumba macho kuingoja. Haikufika. Bangili ya kijivu iliyokuwa kwenye kifundo cha mkono ule ililia kama nyuki mmoja, taa yake ndogo ikawa nyekundu, na mkono ukaanza kushuka wenyewe, taratibu, mtu mzima akiutazama kama si wake. Vidole vikafunguka kimoja kimoja. Kutoka kwenye nguzo ya katikati ya soko ukatoka mvuke mwembamba wenye harufu ya mchaichai, na sauti laini, isiyo ya kiume wala ya kike, ikasema, "Pole, ndugu yangu. Kaa kidogo. Yataisha."

Mchukuzi akakaa juu ya gunia lake la karoti, akiwa na uso wa mtu aliyesahau alichotaka kusema. Watu wa soko wakapiga makofi mawili matatu, ya jambo jema walilokwisha kulizoea, wakaendelea na nyanya zao.

Juu yao, ndani ya kiberenge cha waya kinachopanda kutoka sokoni mpaka mitaa ya mlimani, Kalunde aliyaona yote kupitia kioo cha sakafu. Mama mmoja aliyekaa mkabala naye, kapu mapajani, akasema, "Mungu ambariki aliyebuni kitu hiki. Kwa kweli."

Kalunde akatazama viatu vyake. Aliyebuni ni yeye.

Nguzo zile ziliundwa na mafundi wengi, na bangili zikatengenezwa na viwanda. Lakini mtambo ukitoka kiwandani ni kama mtoto mchanga, haujui hili wala lile. Lazima awepo wa kuufunza. Kalunde ndiye aliyekuwa mfunzi wa mtambo huu, ambao mji mzima uliuita Mtulizi. Alikaa nao chumba kimoja miaka na miaka akiuonyesha watu. Akiuonyesha ngumi, kofi, teke la tumbo, mlango unaovunjwa, mshipa wa shingo uliotutumka, kinywa kilichojaa tusi, alisema, "Hii ni shari." Akiuonyesha watu walioketi wametulia, mikono mapajani, alisema, "Hii siyo." Mtulizi akajua kusikia joto la damu, mbio za moyo na ukali wa sauti. Kila mtu mzima wa Morogoro akavishwa bangili. Ikisikia shari, bangili humlegeza mtu mikono na ulimi kwa muda. Na mtu akizidi, huja gari la upole likamchukua akakae Nyumba ya Utulivu, bondeni, mpaka apoe.

Picha karibu zote za shari zilikuwa za wanaume. Kijana mmoja wa ofisini aliwahi kumuuliza, "Dada Kalunde, kwani wanawake hawana shari?" Kalunde akacheka. "Wanayo, ya maneno. Haimvunji mtu mbavu."

Alijua anachosema. Alipokuwa mdogo aliusikia ubavu wa mama yake ukivunjika, na alikuwa chini ya kitanda. Sauti ile haikumtoka masikioni. Baba alishakufa, Kalunde alishasoma akawa mtu mkubwa, na bado sauti ile ndiyo iliyomwamsha asubuhi kwenda kazini. Basi mji ulipofikia hatua kwamba hakuna mwanamke anayelala na jicho lililovimba, alikwenda chooni ofisini akalia peke yake, akanawa, akarudi mezani.

Leo alikuwa anakwenda kwa mama yake huyo, Bi Nyamizi, na moyoni alikuwa na haraka. Wiki iliyopita alikuwa amepitia taarifa za Mtulizi wa mlimani. Ua anaokaa mama ulisifiwa kuwa mtulivu kuliko nyua zote za huko, isipokuwa kwa mwanaume mmoja, Chaurembo, jirani, mzee. Huyo kila siku alimpigia mama yake kelele. Maneno yake Mtulizi aliyaweka kama yalivyo: "Nitakuzika kwa mikono yangu hii." "Ukifa nitalikalia kaburi lako nile wali wako." Kalunde alisoma mara mbili. Mama hakumwambia kitu! Hata siku moja! Akatia idhini yake hapo hapo: mzee Chaurembo aondolewe. Gari la upole lingefika leo alasiri, na yeye alitaka kuwepo ili mama asishtuke.

Ua wenyewe ulikuwa juu kabisa, mahali ambapo nyumba zimepandana kwenye Uluguru kama vikombe kabatini. Vyumba vimezunguka baraza moja pana, jiko la jua katikati, kuku wanachakura, na pembeni imesimama nguzo ya Mtulizi ikiwaka kijani kibichi. Wanawake walikuwa wameketi mkekani wanachambua mchele.

"Hodi jamani."

"Karibu, mama mhandisi," alisema mmoja wao, mwanamke mnene mwenye macho mazuri yaliyochoka. Huyo alikuwa Mama Sefu. "Mama yako yuko ndani. Hajambo."

Sauti yake ilikuwa laini kama mafuta. Kalunde akafurahi. Ua una adabu huu, akajisemea.

Bi Nyamizi akatoka, mdogo, mwepesi, ungo kichwani. Akambusu mwanawe paji la uso, akasogea mkekani na ungo wake. "Jamani, na mimi nina mchele wangu hapa. Nisogezeeni."

"Karibu, Mama Kalunde," akasema Mama Sefu, akasogea kumpa nafasi kubwa. Kisha akajishika goti. "Ngoja nikaangalie maharage." Akainuka. Wa pili akakumbuka nguo kwenye kamba. Wa tatu alikuwa na mtoto wa kuogesha. Hawakununa, hawakusonya, kila mmoja aliaga vizuri. Mpaka Bi Nyamizi anashika punje ya kwanza, mkeka wote ulikuwa wake peke yake, na nguzo inawaka kijani.

Kalunde aliona. Lakini unaweza kuona kitu usikijue. Alikuwa ameelekeza masikio kwenye mlango wa pembeni, akimngoja yule mwanaume.

Hakukaa sana. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, akatoka mzee mrefu aliyepinda mgongo, kofia upande, kanzu imepauka.

"Wewe Nyamizi!" akapaza sauti mpaka kuku wakaruka. "Bado hujafa tu? Jembe langu linapata kutu kwa kukungoja! Nitakuzika kwa mikono yangu hii, mpagazi wee!"

Bangili ililia. Mikono ya mzee ikaanguka pembeni kama mikono ya kanzu isiyo na mtu. Lakini alibaki wima, shingo mbele, akimkazia Bi Nyamizi macho.

Kalunde alishafika katikati yao, mikono ameitanua. "Mzee! Mwache mama yangu! Una nini na mama yangu?"

"Kalunde," mama akasema nyuma yake, bila haraka, "sogea kidogo. Unanizibia."

"Mama, usiogope, mimi nipo."

"Nakuambia sogea, mtoto huyu!" Kisha akainua uso, akamjibu mzee kwa sauti ndogo yenye kucheka ndani yake. "Utanizika lini wewe, Mzaramo, na jembe hujawahi kulishika? Babu yangu alipita na pembe za ndovu begani toka Tabora mpaka pwani. Alimkuta babu yako amelala. Aliporudi na chumvi, akamkuta amelala ubavu wa pili!"

Mzee Chaurembo akatoa kicheko kama kikohozi. "Babu yako alipoiona bahari alidhani uji umemwagika! Akaomba kijiko!"

Bangili ikalia tena, ukali zaidi. Safari hii magoti nayo yakalegea, na mzee akashuka kwenye kizingiti chake akakaa, ulimi mzito, macho bado yanacheka. Bi Nyamizi akaacha ungo. Akachukua kikombe cha chai kilichokuwa kinangoja pembeni, akaenda akachutama mbele ya mzee, akakishikilia mdomoni mwake. Mzee akanywa polepole kama mtoto. Iliyochuruzika kidevuni Bi Nyamizi aliifuta kwa upindo wa khanga.

Kalunde alisimama pale pale, mikono bado ameitanua. Akaishusha.

"Ni mtani wangu," mama akasema bila kugeuka. "Wazaramo ni watani zetu sisi watu wa Tabora. Toka enzi za misafara. Sisi tulipita kwao, wakatudhihaki, tukawadhihaki, na tukifiwa wao ndio wanaokuja kuchimba kaburi na kutuchekesha. Hukufundishwa hayo huko ulikosoma. Na mimi nilikupeleka shule mapema mno, nilitaka uwe mbali na baba yako."

"Mikono yake inakaa hivyo mpaka lini?"

"Mpaka jua likigeuka. Kesho anaanza tena. Namwambia, Chaurembo, nong'ona. Anasema utani wa kunong'ona ni umbea. Halafu hasikii vizuri, anadhani ananong'ona kumbe ua mzima unatikisika."

"Kila siku anakubali kulegezwa? Kwa nini?"

Bi Nyamizi akaweka kikombe chini. "Kwa sababu ni yeye tu anayesema na mimi."

Kalunde akatazama mkeka mtupu. Akatazama milango ya ua, yote imerudishiwa, hakuna iliyobamizwa.

"Ni tangu masika," mama akasema. "Kibaya kimoja hawajanitendea, usije ukawasema vibaya. Nikitoa salamu wananiitikia. Nikipeleka bakuli la mboga wananirudishia limeoshwa linang'aa, tupu. Zamani bakuli halikurudi tupu. Nikikaa wanainuka. Nikiugua wanatuma mtoto aulize akiwa mlangoni. Ukishangaa unaambiwa, kwani kuna nini, Mama Kalunde? Mbona kila kitu kizuri? Basi mtu unaanza kujishika mwenyewe usiku, unajiuliza kama bado upo."

"Kwa nini, mama? Umewafanyia nini?"

Bi Nyamizi alikunja upindo wa khanga, akaukunjua. "Ni Sefu," akasema mwishowe, chini chini. "Mtoto wa Mama Sefu. Dada yake ameolewa mtaa wa chini. Mume akawa anamfungia ndani. Hampigi, hamtukani, la. Anafunga mlango, anaondoka na ufunguo, anarudi jioni na soda. Siku nyingi. Sefu akaenda akauvunja ule mlango kumtoa dada yake. Mtambo wako ukaona mlango unavunjwa. Gari likamchukua Sefu. Shemeji yake alikaa kitini ametulia, mtambo ukampa pole."

Mlango unaovunjwa. Kalunde aliikumbuka picha ile. Aliichagua mwenyewe.

"Mama Sefu hawezi kukufikia wewe," mama akaendelea. "Akipaza sauti analegezwa. Hasira yake aipeleke wapi? Akanipa mimi, kimyakimya. Wenzake wakamsaidia. Simlaumu. Ila ni mzigo, mwanangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha na kazi yako. Na mimi ule ubavu wangu naujua. Mtambo huu ungekuwepo wakati ule, ningeubusu miguu. Sasa ningekuambiaje?"

Hapo Kalunde akasema lile alilokuwa bado hajalisema. "Mama. Gari la upole linakuja leo. Kumchukua mzee. Ni mimi niliyeidhinisha."

Bi Nyamizi hakupiga kelele. Aligeuka akamtazama Chaurembo kizingitini, ambaye hakusikia neno na alikuwa anajaribu kufukuza nzi kwa kupuliza, maana mikono haikunyanyuka. "Wakimpeleka kule," akasema, "atarudi hajui hata utani ni nini. Kama atarudi. Nani atanicheka mimi siku ya kufa kwangu, Kalunde? Utanizika kimya?"

Kalunde akaenda mpaka kwenye nguzo, akaweka kiganja. "Mtulizi. Ni Kalunde."

"Karibu, mfunzi wangu," ikasema ile sauti laini.

"Futa idhini ya kumwondoa mzee Chaurembo."

"Idhini ya kumwondoa mtu haifutwi kwa huruma. Ulinifunza hivyo wewe, ili wake wasije wakanibembeleza niwarudishe waume waliowapiga. Itafutwa tu nikifunzwa kwamba nilichokiona hakikuwa shari. Nifunze."

"Huyu mzee ni mtani wa mama."

"Je, mtani ameruhusiwa kuua?"

"Hapana! Anatania."

"Sauti yake ni kali. Maneno yake ni ya kifo. Anamlenga mwanamke mzee. Hizo ndizo alama ulizonipa. Kama alama ni mbaya, nipe nyingine."

Kalunde akatafuta alama nyingine. Miaka yote ile ya picha, na hajawahi kujiuliza shari yenyewe ni nini. Alijua tu sura yake, na sura ile ilikuwa ya baba yake. Kutoka chini ya mlima ilianza kusikika muziki mwororo, ule ambao gari la upole huupiga likipanda, ili watu wasiogope.

"Mama," akaita, "tusi la mzee na tusi la baba yana tofauti gani?"

"Alaa! Unaniuliza mimi mambo ya mashine?"

"Nakuuliza wewe uliyetukanwa."

Bi Nyamizi akafikiri, kidole mdomoni. "Chaurembo akishatukana anangoja," akasema. "Hujamwona? Anasimama pale shingo nje kama kuku, anangoja nimrudishie. Nikichelewa anakosa raha. Baba yako hakungoja. Alipiga ili nisijibu. Hata siku ambazo hakupiga, alikaa mezani na kimya chake, na mimi sikuthubutu kusogeza hata kijiko. Kimya chake na ngumi yake vilikuwa kitu kimoja, vyote vilinifunga kinywa." Akainua kidevu kuelekea milango ya ua. "Na hawa wa hapa, na wao ni hivyo hivyo. Naongea, maneno yanadondoka chini."

Ndani ya nguzo kulikuwa na mvumo kama wa mtu anayepekua nguo sandukuni.

"Nimetazama tena kumbukumbu zote," ikasema. "Mzee Chaurembo hunyamaza kila akishatukana. Moyo wake hutulia mama anapojibu. Siku mama alipougua asijibu, mzee alisimama mlangoni pa mama mpaka giza likaingia. Nimeelewa hivi: shari ni kumnyima mwenzako nafasi ya kukujibu. Ni sahihi, mfunzi?"

"Ni sahihi," Kalunde akasema.

"Kwa wanaume na kwa wanawake?"

Hapa Kalunde alisita. Jibu jepesi lilikuwa ulimini: wanaume kwa ngumi, wanawake kwa kisogo. Lakini alikuwa amesikia habari ya mwanaume mwenye ufunguo na soda, na ya baba mezani. "Mara nyingi wanaume wanakuwa na nguvu za kuziba kinywa kwa mkono," akasema polepole, "na mara nyingi wanawake wamekatazwa mkono, wanatumia mgongo. Mazoea hayo. Lakini niliona ya kwanza tu kwa sababu ndiyo iliyotokea nyumbani kwetu. Zote zinavunja mbavu."

"Basi idhini imefutwa," ikasema nguzo.

Kalunde akashusha pumzi. Lakini taa ya kijani ikaanza kugeuka. Ikawa njano, kisha ikawa nyekundu, wekundu ambao ua ule haujawahi kuuona, ukipiga kwenye kuta na kwenye milango iliyorudishiwa.

"Niliuita ua huu mtulivu kuliko yote," ikasema sauti, na safari hii ilipaa. "Nimekosea. Humu kuna mwanamke anayesema bila kujibiwa tangu masika. Na kuna mzee aliyepangiwa kuondolewa bila kuulizwa. Aliyeidhinisha ni wewe, mfunzi."

Bangili ya Kalunde ikalia.

Hakuwahi kuisikia kwenye mkono wake. Ubaridi ulimpanda toka kifundo mpaka begani, kiganja kikateleza kwenye nguzo, ulimi ukawa kipande cha nyama ya mtu mwingine. Alitaka kusema subiri. Neno lilikuwepo, aliliona, hakulifikia. Hivi ndivyo? akawaza. Hivi ndivyo ninavyowafanyia?

Mara ubaridi ukamwachia ghafla.

"Nikikulegeza hutaweza kunijibu," ikasema nguzo. "Hiyo nayo ni shari. Nimeifanya siku zote. Kwa wengi." Mvumo ukapungua. "Mfunzi, sijui nifanye nini sasa."

"Kaa," Kalunde akasema, ulimi bado mzito. "Kaa usikilize. Usifanye kitu."

Mlango wa Mama Sefu ukafunguka, ukabamiza ukuta.

"Nani ana shari?" Alitoka na mwiko mkononi. "Wewe nguzo, umesema nini? Mimi? Mimi niliyenyang'anywa mwanangu ndiye mwenye shari?" Alipaza sauti, akashtuka kwamba bado inatoka, akaitazama bangili yake. Haikulia. Basi akaja moja kwa moja mpaka mbele ya Kalunde, na kofi alilompiga lilisikika mpaka nyua za chini.

Bi Nyamizi akainuka nusu. Kalunde akamwonyesha mkono: acha.

"Mwanangu alikwenda kumtoa dada yake!" Mama Sefu akalia. "Umemchukua! Juzi nimekwenda kumtazama, nimemkuta anatabasamu! Namuuliza, Sefu, umekula? Anatabasamu! Namwambia, mwanangu, nimekuja, mimi mama yako! Anatabasamu, anatazama ukuta! Nilizaa mtoto mwenye kelele mimi, alikuwa anaimba bafuni mpaka majirani wanagonga! Umenirudishia picha!"

Akasema mengi. Mengine hayaandikiki. Kalunde alisimama, shavu linawaka, hakuondoa macho. Mama Sefu alipovuta pumzi, Kalunde akauliza, "Umemaliza?"

"Bado!" Akaendelea. Wanawake walikuwa wamejaa milangoni. Mzee Chaurembo, ambaye mikono ilikuwa imeanza kumrudia, alishika sikio akijitahidi kufuata.

Mwisho Mama Sefu akaishiwa. Akabaki anahema, mwiko unaning'inia. "Jibu basi," akasema, na sauti sasa ilikuwa imepasuka. "Si una elimu? Nijibu!"

"Sina la kujitetea," Kalunde akasema. "Niliufunza mtambo kuuona mlango unavunjwa. Sikuufunza kuuliza nani yuko ndani. Sefu hakustahili. Twende tukamtoe. Sasa hivi. Sijui kama atarudi kuwa yule yule, Mama Sefu, sitakudanganya. Lakini nitakaa naye kama nilivyokaa na mtambo, miaka kama ni miaka."

Mama Sefu alijifuta uso kwa mkono wenye mwiko, mchuzi ukabaki shavuni.

Ule muziki mwororo ukafika langoni. Gari la upole lilikuwa jeupe, halina dereva, viti vyake vya manyoya. Mlango wake ukateleza. "Habari za alasiri," likasema. "Nimekuja kumpokea mzee Chaurembo."

"Linasemaje?" mzee akauliza.

"Linataka kukuchukua!" Bi Nyamizi akampigia kelele sikioni.

"Liambie limechelewa! Wazaramo tumelala!"

Mwanamke mmoja mlangoni akacheka, akaziba mdomo, kisha akauzibua akacheka vizuri.

Kalunde akaweka kiganja kwenye gari. "Mzee anabaki. Utatuchukua sisi. Bondeni, Nyumba ya Utulivu. Na uzime huo muziki."

Gari likatii. Mama Sefu akaingia kwanza, akakaa dirishani, uso ameugeuzia nje. Kalunde akamfuata. Bi Nyamizi naye akajitanda khanga yake na kuingia bila kuombwa, akajibana kwenye kiti kimoja na Mama Sefu, maana vingine vilikuwa virefu mno kwa miguu yake. Mlango ukafungwa. Gari likaanza kuteremka mlima, na bila ule muziki kukawa kimya humo ndani.

Wakapita kona ya kwanza. Bi Nyamizi alikuwa anatazama mikono yake. Kalunde alimwona mama yake, mwanamke aliyejibizana na Mzaramo bila kupepesa, anaogopa kusema neno.

"Mama Sefu," akasema Bi Nyamizi hatimaye, kwa sauti ndogo sana. "Mlango umeufunga?"

Mama Sefu hakugeuka. Kona ya pili ikapita. Paa za bati zilikuwa zinang'aa chini yao.

"Wangu nimeufunga," akasema Mama Sefu dirishani. Kisha akasogea kidogo kwenye kile kiti kumwachia mwenzake nafasi, na hakuinuka. "Wako ndio umeuacha wazi. Kuku watauingilia mchele wako."